Nyumbani kwa Kusi

Mara ya kwanza kuambiwa "hamia goshini" nilidhani Goshini ni kijiji. Tulikuwa ndani ya mashua, tumetoka Mkokotoni kwenda Tumbatu, mwezi wa Julai, na upepo ulikuwa umeanza kukilaza chombo. Nahodha, mzee mwenye kofia iliyopauka kwa chumvi, aliniona nimeng'ang'ania na mkoba wangu upande uleule ambao maji yalikuwa yakilamba ubao wa juu. Akarudia kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgeni: "Goshini, mwanangu. Hapo ulipo ni demani." Mama mmoja na mwanawe walikwisha kuhama zamani, wao na kuku wao. Nikawafuata, na mashua ikainuka.

Jioni, wakati wa kurudi, nikajifanya mjuzi. Nilikwenda moja kwa moja kukaa mkono wa kushoto, palepale nilipohamishiwa asubuhi. Mzee akacheka hadi akakohoa. "Ile goshi ya asubuhi tumeiacha Tumbatu," akasema. "Sasa ipo kulia."

Mimi ni mtu wa bara, nimezaliwa mbali na maji yoyote ya kutisha, na nilikuwa nimezoea upande kuwa ni upande: kulia ni kulia, mbele ni mbele. Baharia hana anasa hiyo. Goshi ni pembe ya tanga ya mbele chini, ile inayofungwa omoni, upande upepo unakotoka. Demani ni kamba ya pembe ya nyuma, inayovutwa au kulegezwa upande upepo unakokwenda. Kwa hiyo goshini ni kule kunakopigwa na upepo, na demani ni kule upepo unakokimbilia, wala hakuna ubao wa chombo unaoweza kudai jina moja siku nzima. Chombo kikigeuka, majina nayo yanahama. Kwa Kiajemi gushe ni pembe na daman ni upindo wa vazi, nami naona maneno yetu mawili yametoka huko, kwa mabaharia waliolitazama tanga kama nguo: hapa pembe, hapa upindo.

Lakini demani lina maana nyingine, na hiyo ndiyo iliyoniingiza katika historia hii. Mtu wa pwani akikwambia "tutaonana demani", hakualiki kwenye kamba ya tanga. Anazungumzia majira, miezi ya Agosti mpaka Oktoba hivi, kusi inapokuwa imekwisha kuchoka na bahari inafunguka tena. Neno moja ni kamba, ni upande, na ni msimu. Na ukishaliona hilo kwa demani utaanza kuyashuku maneno makubwa zaidi, yale tunayoyaandika kwenye ramani za shule bila kufikiri.

Chukua kusini na kaskazini. Mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu yanayotaja jua linakochomoza na linakozama. Hayo mengine mawili hayakutajwa kwa jua wala kwa nyota. Ni majina ya pepo yaliyowekewa -ni ya mahali, sawasawa na nyumba na nyumbani. Kusini ni nyumbani kwa kusi, na kaskazini ni nyumbani kwa kaskazi. Mwalimu wa jiografia anayechora mshale ubaoni na kuuandikia "Kask." anautaja upepo wa Desemba, ajue asijue.

Sababu ya kuchagua upepo haiko mbali. Waarabu waliosafiri Bahari ya Hindi waliigawa dira yao katika sehemu 32 na kuzipa majina ya nyota zinapochomoza na zinapozama. Kaskazini kwao ilikuwa Jah, nyota ya ncha. Mpango huo unamfaa mtu wa Muskat. Mombasa, nyuzi 4 chini ya ikweta, Jah imezama na haionekani usiku wowote wa mwaka. Suheli, nyota ang'avu ya upande wa pili, huonekana vizuri, na baadhi ya wazee wa pwani walilitumia jina lake kwa maana ya kusini. Kwa upande wa juu walikuwa na kibla. Bahati iliwaangukia, maana Makka na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja, nyuzi 39 na ushei mashariki, hivyo anayeswali Mombasa hutazama kaskazini takriban kamili. Kibla ikawa jina la upande msikitini na baharini vilevile. Palikuwa na matlai, upepo wa upande wa mawio, na umande, ule upepo wa nchi kavu unaovuma alfajiri na kumsukuma mvuvi nje kabla ya jua kuchoma. Majina hayo yote yalikuwepo, na yote yakashindwa na kusi na kaskazi, kwa kuwa pepo hizo mbili hazikumwonyesha mtu njia tu. Zilimwambia pia lini.

Hapa pana jambo ambalo ramani hailiwezi. Kusi inayovuma Dar es Salaam mwezi Julai hutoka kusini-mashariki. Ufuate upepo huohuo mpaka ng'ambo ya ikweta: mzunguko wa dunia unaupindisha kuelekea kulia, na unapofika pwani ya Somalia na Omani unatoka kusini-magharibi. Ni upepo uleule, wenye pande mbili. Mabaharia wa Kiarabu waliuita kaws, na sikio la Mswahili halihitaji mkalimani kusikia undugu wa kaws na kusi, ingawa yule anaupokea shavu la kulia na huyu anaupokea la kushoto wakitazama kusini. Joto la bara la Asia ndilo linaloivuta hewa hiyo kutoka upande wetu wakati wa kiangazi cha kule, na mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alionyesha jinsi mkondo wake unavyokazana na kuwa kama mto wa hewa unaopita juu ya Kenya kandokando ya milima, ukivuka ikweta kwa kasi kubwa. Asia ikipoa, mambo hugeuka na kaskazi hushuka, kuanzia Desemba mpaka Machi hivi. Hata mkondo wa maji wa pwani ya Somalia hugeuza njia pamoja na upepo.

Kati ya wafalme hao wawili kuna kipindi kisicho na mwenyewe. Huitwa tanga mbili, kwa kuwa upepo hauna msimamo na tanga huweza kuwekwa upande wowote, na pepo zake zinazobadilikabadilika huitwa maleleji. Nimependa sana kwamba kuna lugha iliyoona haja ya kuupa jina upepo usiojua unakotaka kwenda.

Waarabu walikiita kipindi cha safari mawsim. Wareno walilichukua neno hilo, na Ulaya nzima ikalipokea kutoka kwao kuwa jina la upepo, ndilo hili la "monsuni" tunaloliona vitabuni. Sisi tulilichukua moja kwa moja tukapata msimu. Anayeandika "pepo za msimu" na anayeandika "pepo za monsuni" wamekitaja kitu kimoja mara moja kila mmoja, mmoja kupitia Lisbon na mwenzake kupitia Muskat.

Biashara yenyewe ni ya kale. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kinachoieleza bahari hii kinataja bandari ya Rhapta katika pwani yetu na vyombo vyake vya kushonwa, ndugu wa mtepe. Chombo kiliteremka na kaskazi kutoka Arabuni, kikauza na kununua, kikasubiri, kikarudi na kusi. Kwenye kile "kikasubiri" ndipo penye uzito. Miezi kadhaa ya kungoja upepo haipiti mtu akiwa amekaa juu ya magunia ya tende. Atapanga nyumba, atakopa, ataoa, atazika. Sehemu kubwa ya miji ya pwani ilijengwa na watu waliokuwa na jambo la kufanya wakati upepo umewafungia njia.

Upepo ulichora hata mipaka ya utajiri. Chombo kutoka Arabuni kiliweza kufika Kilwa na kaskazi moja na kurudi na kusi iliyofuata. Sofala, kulikotoka dhahabu, ilikuwa mbali mno kwa hesabu hiyo. Kilwa ikakaa mwisho wa kamba ya msimu, ikapeleka vyombo vyake yenyewe kusini kuchukua dhahabu na kuwauzia wageni waliokuwa wanaitazama kalenda kwa wasiwasi. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, baada ya Mogadishu na usiku mmoja Mombasa, na kutoka Kilwa akapanda chombo cha kwenda Zafar, Arabuni. Alifuata ratiba ya upepo kama abiria mwingine yeyote.

Asiyeifuata alilipa, na mmoja wa waliolipa sana ni Vasco da Gama. Aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji. Kusi ilikuwa ndiyo kwanza inaingia. Walikaa siku 23 bila kuona nchi kavu, kisha milima ya Uhindi ikatokea, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Hadithi inayopendwa ni kwamba rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia wa Kiarabu ambaye kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari kilikamilika mnamo 1490. Watafiti wengi wameikataa, na waandishi wa Kireno wenyewe wanamtaja mtu wa Gujarati. Nami naona uvumi huo unamwonea Ibn Majid, kwa sababu hutajwa kwa lawama, kana kwamba yeye ndiye aliyefungua mlango. Njia ile ilikuwa wazi kwa kila nahodha wa Malindi aliyejua kusi inaingia lini.

Marejeo ndiyo yanayofundisha. Da Gama alikorofishana na watawala wa Calicut, akaondoka mwishoni mwa Agosti, akazungukazunguka pwani, na tarehe 5 Oktoba akaondoka kisiwa cha Anjediva kuelekea Afrika. Mtoto wa mvuvi angemwambia subiri. Kusi ilikuwa inakufa, kaskazi haijazaliwa, na bahari kati yake ilikuwa ya maleleji na shwari tupu, tanga linaning'inia kama kanga kwenye kamba. Bahari waliyoivuka kwa siku 23 iliwachukua miezi mitatu kasoro siku tatu. Fizi zilivimba zikafunika meno, miguu ikavimba, watu 30 wakafa, na kila chombo kikabaki na mabaharia saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi, nao si wazima. Kilichowaokoa ni kaskazi, ilipoingia hatimaye. Tarehe 2 Januari 1499 waliiona Mogadishu, na tarehe 7 walikuwa Malindi, wakigawiwa machungwa. Baada ya siku chache, kusini ya Mombasa, waliichoma moto meli yao ya São Rafael. Haikuwa na kasoro kubwa kuliko hii, kwamba hawakubaki watu wa kuiendesha.

Elimu waliyoikosa haikuwa siri ya nyota. Ilikuwa ni kuhesabu siku. Kalenda ya mwezi mwandamo haimfai nahodha, kwani Ramadhani huzunguka mwaka mzima na upepo hauifuati. Kwa ajili hiyo pwani ilikuwa na hesabu ya pili, ya jua, inayoanza siku ya Nairuzi, Siku ya Mwaka. Siku zake 365 zilihesabiwa kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo (si yule wa uongo), yaani miongo 36 na siku 5 za ziada. Ibn Majid naye alitoa tarehe za kung'oa nanga kwa siku za Nairuzi. Watu walisema upepo fulani unaingia mwongo fulani, mvua fulani inaanza mwongo fulani, na mkulima na baharia wakasoma kwenye ukurasa mmoja. Makunduchi wangali wanaiadhimisha Siku ya Mwaka, na wageni huenda kupiga picha watu wakipigana kwa migomba. Wachache kati yao huambiwa kwamba wanashuhudia mwaka mpya wa mabaharia. Kalenda hiyo haina mwaka mrefu, hivyo hurudi nyuma siku moja kila miaka 4. Leo huangukia Julai. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Mabaharia ilibidi waisahihishe hesabu yao kizazi kwa kizazi.

Nisiupambe upepo huo. Kusi ilibeba pembe za ndovu, karafuu na boriti, na ilibeba watu waliofungwa minyororo. Vyombo vya kaskazini vilifika Unguja na kaskazi na kuondoka kusi ilipoingia, vikiwa na watumwa wa kupeleka Arabuni. Ushahidi mkavu kuliko wote nilioukuta uko katika amri ya mwaka 1864. Sultani Majid bin Said, akisukumwa na Waingereza, alipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini katika miezi minne ya kwanza ya kila mwaka. Tazama jinsi ilivyoandikwa: sheria yenye umbo la upepo. Iliwalenga wageni walioletwa na kaskazi, na ikawaacha wenyeji waendelee na biashara yao miezi iliyobaki. Doria za manowari za Uingereza nazo zilijipanga kwa misimu hiyohiyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, wakati wa Sultani Barghash, na biashara ya magendo ikaendelea kwa miaka mingi baadaye.

Mwaka mmoja kabla ya mkataba huo, meli za moshi za barua zilianza kufika Unguja kwa ratiba, na hapo upepo ulianza kupoteza kazi. Haikuwa mara moja. Mwaka 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda bumu la Kuwait huko Aden, nahodha wake Ali bin Nasir al-Najdi, akateremka naye na kaskazi mpaka Mombasa, Unguja na mikoko ya Rufiji, kisha akarudi naye. Shehena ya kurudia ilikuwa boriti. Kuwait haina miti, na dari za nyumba za Ghuba zilishikiliwa na mikoko yetu. Boriti ya mkoko huweza kubeba dari kwa urefu usiofika mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya zamani vya Lamu na vya Kuwait ni vyembamba na virefu kwa namna moja. Kisha yakaja mafuta ya Ghuba, yakaja Mapinduzi ya 1964, na majahazi ya kaskazi yakapungua hadi yakawa habari za wazee.

Maneno yao yalikuwa yamekwisha kuingia bara. Misafara ya karne ya 19 iliyapeleka Tabora na Ujiji pamoja na bidhaa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokikubali Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ulizikubali pepo zake pia. Leo mtu wa Goma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, anasema anaishi Kivu Kaskazini, na jirani yake wa Bukavu yuko Kivu Kusini. Tunasema Sudan Kusini. Tunasema Ncha ya Kusini, mahali ambapo hakuna kusi wala mtu wa kuitegea tanga. Nilikua nikisema hivyo hivyo, nikiamini kusini ni alama tu ya chini ya karatasi.

Jioni ile Mkokotoni, mashua ikiwa imekalia mchanga, nilimwomba yule nahodha anionyeshe kusini. Hakunyoosha mkono mara moja. Aligeuka polepole, huku na huku, kama anayetafuta sauti, mpaka upepo ukampiga masikio yote mawili sawasawa. Hapo ndipo akaonyesha. Nilikuwa nimeitoa simu, na dira yake ikaniambia kusini iko nyuzi thelathini hivi kuliani kwa kidole chake. Nikamwonyesha kioo. Alikitazama kwa heshima, akakiegemeza mkononi kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Na kusi inatoka huko?"

Nikamwambia hapana. Akanirudishia simu, akaenda kukunja tanga.